JE, MSINDANO WAKO NI WA AINA GANI?



Mwaka 2005 mzee mmoja wa Nyanda za Juu Kusini alipanda misindano ekari mbili. Miche aliinunua kwa mtu aliyepita barabarani na gari. Bei yake ilikuwa ndogo. Mzee aliuliza, "Hii ni misindano ya aina gani?" Mwuzaji akajibu, "Mzee wangu, msindano ni msindano."

Jirani yake alipanda misindano mwaka uleule. Mashamba yao yanapakana. Udongo ni mmoja. Mvua ni moja. Tena mzee alipalilia shamba lake vizuri kuliko jirani.

Mwaka 2022 alikuja mnunuzi wa mbao. Aliingia katika shamba la jirani, akapima miti, wakapatana bei. Kisha aliingia katika shamba la mzee. Hakukaa sana. Alitoka akasema, "Mzee, miti yako ni myembamba. Haitoi mbao."

Mzee alikuwa anategemea miti ile kwa karo ya mjukuu wake. Alikuwa ameingoja kwa miaka 17.

Kosa lilikuwa wapi? Mzee hakuwa mvivu. Jirani alipanda msindano unaoitwa patula. Patula hupenda milima yenye baridi. Mzee alipanda msindano unaoitwa karibea. Karibea hupenda nchi ya joto. Kijiji chao kiko juu sana, karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai, majani ya viazi huungua kwa baridi. Karibea itafanya nini mahali kama hapo?

Mimi pia nina kosa langu katika habari hii. Mwaka 2008 nilikuwa bwana shamba kijana. Nilikwenda kuangalia mahindi ya mzee huyo. Nilipita katikati ya misindano yake, ambayo ilikuwa na umri wa miaka mitatu. Sikuangalia hata sindano moja. Cheti changu ni cha kilimo. Nilijua mahindi, maharage na viazi. Kuhusu miti, nami niliamini kwamba msindano ni msindano.

Kama ningejua kuitazama siku ile, mzee angepoteza miaka mitatu. Kwa kuwa sikujua, alipoteza 17.

Baadaye nilifundishwa na mzee mwingine. Huyo alikuwa kibarua wa zamani wa shamba la miti la Serikali. Alichuma kitawi, akaniwekea mkononi, akasema, "Bwana shamba, hesabu." Leo nataka na wewe uhesabu.

MISINDANO ILITOKA WAPI?

Msindano una majina mengi. Wengine huuita mpaina. Katika vitabu vingine utasoma msonobari. Mti ni uleule. Unaitwa msindano kwa sababu majani yake ni membamba na marefu kama sindano.

Duniani kuna aina zaidi ya 100 za misindano. Karibu zote kwa asili yake huota upande wa kaskazini wa dunia. Ni aina moja tu inayovuka ikweta yenyewe, nayo iko katika kisiwa cha Sumatra, nchi ya Indonesia. Hapa Afrika, misindano ya asili iko kaskazini kabisa, katika nchi kama Moroko na Aljeria.

Kwa hiyo misindano yote ya Tanzania ni miti ya kigeni. Ililetwa na watu. Kila aina imetoka katika nchi yake, yenye hewa yake na udongo wake. Mgeni akija nyumbani kwako, unamuuliza alikotoka na chakula alichozoea. Na msindano uulizwe vivyo hivyo.

JINSI YA KUUTAZAMA MSINDANO

Kwanza hesabu sindano. Chuma kitawi kidogo. Utaona kwamba sindano hazitoki moja moja. Zinatoka kwa mafungu. Chini ya kila fungu kuna kifuko chembamba kinachozishika pamoja. Chomoa fungu moja na kifuko chake. Zitenganishe sindano uzihesabu. Usihesabu fungu moja tu. Hesabu mafungu kumi, maana mti mmoja unaweza kuwa na mafungu yasiyolingana.

Pili, shika sindano. Je, ni laini au ngumu? Je, zinaning'inia au zimesimama? Zipime urefu. Shubiri moja ya mtu mzima ni kama sentimita 20.

Tatu, tazama tunda gumu la msindano, ambalo wengine huliita koni. Je, yako mengi pamoja au moja moja? Je, yana kikonyo? Je, huanguka mapema au hukaa mtini miaka mingi?

Nne, tazama gome. Tazama gome la chini, kisha inua macho utazame gome la juu.

Usiamini dalili moja tu. Tumia zote nne. Sasa tutazame aina tano. Ni tano kama vidole vya mkono mmoja, hivyo hazitakushinda kukumbuka.

1. PATULA

Patula imetoka katika milima ya Mexico. Fungu lake lina sindano tatu. Mara chache utakuta nne au tano. Sindano ni nyembamba, laini, na rangi yake ni kijani kisichokolea. Urefu wake ni sentimita 15 hadi 30. Dalili yake kubwa ni hii: sindano zinaning'inia chini kama nywele ndefu. Ukiona msindano ambao majani yake yote yanatazama chini, anza kufikiri patula.

Gome la juu lina rangi nyekundu kama kutu, nalo hubanduka kwa vipande vyembamba kama karatasi. Matunda yake hukaa kwa makundi. Hayana kikonyo kinachoonekana, yameshikamana na tawi, na yamepinda kidogo kuelekea nyuma. Hukaa mtini miaka mingi bila kufunguka.

Patula hupenda milima yenye ubaridi na mvua nzuri. Hustawi hasa panapozidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mvua ya mwaka ikifika milimita 1,000 au zaidi. Ukame mrefu huidhuru. Katika nchi ya chini yenye joto haistawi.

2. KARIBEA

Karibea imetoka Amerika ya Kati, katika nchi kama Belize, Honduras na Nicaragua, na pia katika visiwa vya Cuba na Bahamas. Huko kwao huota tangu karibu na bahari mpaka vilima vya chini.

Fungu lake kwa kawaida lina sindano tatu, kama la patula. Hapa ndipo wengi hukosea. Lakini shika sindano zake. Ni nene na ngumu kuliko za patula. Rangi yake ni kijani kilichokolea. Haziningʼinii kama nywele. Matunda yake yakikomaa hufunguka, hutoa mbegu, halafu huanguka.

Karibea ina tabia moja ya ajabu. Mara nyingine kilele chake hurefuka sana bila kutoa matawi. Mti huonekana kama mkia wa mnyama uliosimama juu. Ukiuona mti wa namna hiyo, ufikirie karibea.

Karibea ni mti mzuri sana, lakini mahali pake ni nchi ya joto. Huvumilia joto na udongo hafifu. Baridi kali huidumaza.

3. ELIOTI

Elioti imetoka kusini-mashariki mwa Marekani. Hii ni rahisi kuijua kwa kuhesabu. Katika mti uleule utakuta mafungu yenye sindano mbili na mafungu yenye sindano tatu. Sindano ni ngumu, zinang'aa, na ni za kijani kilichokolea. Urefu wake ni kama shubiri moja.

Tunda lake lina kikonyo kifupi. Rangi yake ni ya kahawia, nalo hung'aa kama kiti kilichopakwa vanishi. Ukilishika, utasikia vijiba vidogo vikichoma kiganja.

Elioti huvumilia udongo unaotuama maji kuliko patula. Pia hutoa utomvu mwingi. Kwao Marekani, watu wamegema utomvu wa mti huu tangu zamani. Utomvu wa misindano hutengenezewa tapentaini, rangi, gundi na vitu vingine.

4. KESIYA

Kesiya imetoka Asia. Huota kwa asili katika vilima vya India, Burma, Tailandi, Vietnam na Ufilipino. Fungu lake lina sindano tatu. Sindano ni nyembamba kama za patula, lakini haziningʼinii sana. Gome la mti mkubwa ni nene na lina nyufa za kina. Matunda ni madogo, umbo lake ni kama yai lenye ncha, nayo hukaa mtini muda mrefu.

Kesiya huvumilia miezi mingi ya kiangazi kuliko patula. Kwa hiyo huonekana katika nchi za mwinuko wa kati. Jirani zetu wa Zambia wameipanda kwa wingi katika Mkoa wa Copperbelt.

5. RADIATA

Radiata imetoka pwani ya California, Marekani. Fungu lake lina sindano tatu. Sindano ni fupi kuliko za wenzake, sentimita 10 hadi 15 hivi, nazo zimejaa sana kwenye tawi. Tunda lake ni kubwa na halina usawa. Upande mmoja umevimba kuliko mwingine.

Radiata ina fundisho kubwa kwetu. Zamani ilipandwa sana katika milima ya Kenya na Tanzania, kwa sababu hukua upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukaingia ugonjwa wa ukungu. Sindano zilipata mikanda myekundu, zikakauka, zikaanguka. Miti mingi ilidhoofika na mingine ikafa. Ikabidi upandaji wa radiata usimamishwe, na patula ikachukua nafasi yake.

Kwa nini ugonjwa ule ulikuwa mkali hapa? Huko California mvua hunyesha wakati wa baridi, na wakati wa joto ni mkavu. Kwetu mvua na joto huja pamoja. Ukungu hupenda unyevu na joto. Hata leo New Zealand na Chile zina misitu mikubwa ya radiata, nazo hupata mali nyingi. Mti ni uleule, mahali ni pengine.

MITI INAYODANGANYA MACHO

Iko miti inayofanana na misindano, lakini si misindano.

Wa kwanza ni mvinje. Watu wa pwani wanaujua sana. Ukiutazama kwa mbali utasema ni msindano. Chukua uzi wake mmoja wa kijani na uuvute. Utakatika kwenye kiungo, na utaona kwamba umeundwa kwa viungo vingi vidogo. Sindano ya msindano haina viungo.

Wa pili ni msaiprasi, ambao hupandwa sana kuwa ua. Huu hauna sindano ndefu. Majani yake ni madogo sana, yamelaliana kama magamba ya samaki. Matunda yake ni madogo ya mviringo.

MAHALI PAKO PAKOJE?

Ukitaka kuona misindano mikubwa, tembelea shamba la miti la Serikali lililo karibu nawe. Shamba kubwa kuliko yote Tanzania ni Sao Hill, wilaya ya Mufindi. Yako pia mashamba ya Kiwira wilayani Rungwe, Kawetire huko Mbeya, Ukaguru huko Morogoro, Shume wilayani Lushoto, na mashamba ya Meru na Kilimanjaro. Mengi ya mashamba hayo yako milimani, na humo utaiona sana patula.

Kabla ya kununua miche, jiulize maswali manne.

Je, kijiji changu kiko juu au chini? Ofisi ya kilimo au ya misitu inaweza kukuambia ni mita ngapi kutoka usawa wa bahari.

Je, mvua ni nyingi au kidogo, na kiangazi huchukua miezi mingapi?

Je, kuna baridi inayounguza mazao?

Je, maji hutuama shambani?

Kwa kifupi, milima ya baridi yenye mvua ni ya patula. Nchi ya chini yenye joto ni ya karibea. Mwinuko wa kati wenye kiangazi kirefu, uliza habari za kesiya. Panapotuama maji kidogo, uliza habari za elioti. Radiata usipande.

Lakini neno "maji" lisieleweke vibaya. Usipande misindano katika vinyungu wala kando ya mto au chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mto ukikauka, mbao hazinyweki.

MICHE MIDOGO HAISEMI

Sasa sikiliza jambo muhimu kuliko yote. Msindano mchanga kabisa huota sindano moja moja. Mafungu huja baadaye. Kwa hiyo mche mdogo wa kitalu haujakuwa na mafungu ya kutosha kuhesabu. Miche ya aina mbalimbali hufanana sana. Hata mtaalamu anaweza kukosea.

Ndiyo maana mwuzaji wa barabarani aliweza kumwambia mzee, "Msindano ni msindano." Mzee hakuwa na njia ya kubishana naye kwa macho.

Basi tufanye nini? Uliza mbegu imetoka wapi. Nunua mbegu au miche kwa mtu anayeweza kuonyesha cheti cha mbegu. Kama huna hakika, muulize ofisa misitu wa wilaya yako. Vikundi vya wakulima vinaweza kununua mbegu pamoja na kuwa na kitalu chao. Hapo hakuna wa kuwadanganya.

Ukianza kitalu mahali ambapo misindano haijawahi kuota, kumbuka jambo hili. Mizizi ya msindano huishi pamoja na viumbe wadogo sana wa jamii ya uyoga. Viumbe hao huisaidia mizizi kupata chakula ardhini. Wasipokuwepo, miche hugeuka njano na kudumaa. Chukua udongo kidogo chini ya misindano mikubwa yenye afya, uchanganye na udongo wa viriba.

Ukishapanda, usingoje mnunuzi wa mbao akuambie jina la mti wako. Mwaka wa pili na wa tatu, ingia shambani. Chuma vitawi. Hesabu sindano. Ukiona umekosea, mwite bwana shamba au ofisa misitu mapema. Kung'oa mti wa miaka miwili kunauma. Kukata mti wa miaka 17 usio na mbao kunauma zaidi.

MZEE ALIFANYA NINI?

Baada ya mnunuzi kuondoka, nilikwenda kwa mzee. Nilimwamkia, tukaingia shambani pamoja. Nilichuma kitawi, nikamwonyesha sindano ngumu za karibea. Kisha tukaingia kwa jirani, nikamwonyesha sindano za patula zinavyoning'inia. Mzee alizishika zote mbili kwa muda mrefu. Aliniuliza, "Bwana shamba, ulipopita hapa zamani hukuviona hivi?" Nikamwambia ukweli. Nilisema, "Niliviona, mzee, lakini sikujua."

Hakukasirika. Alisema, "Basi waambie wengine."

Alikata miti yake. Minyoofu aliiuza kwa bei ndogo kuwa nguzo za vibanda. Iliyobaki ikawa kuni. Fedha hizo hazikutosha karo. Mjukuu alingoja mwaka mmoja nyumbani, ndipo ndugu wakachanga akaenda shule.

Mvua zilipoanza mwaka 2023, mzee alipanda tena ekari moja. Safari hii mbegu zilikuwa na cheti. Aliacha mita tatu kati ya mti na mti, akapiga njia ya moto kuzunguka shamba. Mzee ana umri mkubwa. Anajua kwamba huenda yeye hatauza miti hiyo. Ameshasema ni ya mjukuu.

Likizo iliyopita nilipita tena. Nilimkuta mjukuu shambani, ameshika kitawi. Alikuwa anahesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu." Akachomoa fungu jingine akaanza tena. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigogo, anamsikiliza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijijini kwenu kuna misindano ya aina gani? Chumeni vitawi mhesabu sindano.

2. Patula na karibea zote zina sindano tatu. Mtazitofautisha vipi?

3. Kwa nini si rahisi kujua aina ya msindano kwa kutazama mche mdogo?

4. Kwa nini radiata ilishindwa hapa, lakini inastawi New Zealand na Chile?

5. Kikundi chenu kinaweza kufanya nini ili kupata mbegu za uhakika?